Msimamizi Aliyeomba Kuhamia Ghorofa ya Tano

Tangazo la kuuza fleti 5D lilitoka Jumanne, tarehe 11 Juni. Kufikia saa nne asubuhi Ndue Vukaj alikuwa amekwisha kulisoma mara tatu. Alikuja nalo mlangoni kwangu, karatasi imekunjwa mara mbili, mikono yake bado inanuka vanishi.

"Katibu, hebu nisomee hapa," akasema, kidole kikiwa juu ya mstari wa pili.

Nikasoma: "Chumba kimoja cha kulala, jengo la kabla ya vita, imekarabatiwa kwa uangalifu mkubwa, mwanga kutwa nzima, madirisha yanatazama bustani ya ndani."

"Imekarabatiwa," akasema Ndue. "Imejikarabati yenyewe?"

Ndue alikuwa msimamizi wa jengo letu, maana yake mtu wa boila inayopasha jengo joto kwa mvuke, wa mabomba, lifti, takataka, theluji na malalamiko. Mimi ni katibu wa bodi. Naishi 2B, na kazi yangu ni kuandika nani alisema nini. Fleti 5D aliikarabati yeye peke yake, kuanzia wiki ya pili ya Novemba hadi wiki ya kwanza ya Juni, jioni na Jumamosi, baada ya kumaliza kazi za jengo.

"Ulitaka waweke jina lako?" nikamwuliza.

"Jina sina haja nalo. Nilitaka ijulikane tu kwamba kuna mtu." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Halafu jambo lingine. Naitaka."

"Unataka nini?"

"5D. Nimeongea na mke wangu. Tunataka kuinunua sisi."

Nilimtazama mara mbili, naye aliona.

Hapa Jackson Heights, New York, mtu akisema nyumba ni ya kabla ya vita, hakuna anayeuliza vita gani. Jengo letu, Ashgrove, lilijengwa mwaka 1928: ghorofa sita, fleti sabini na mbili, na bustani katikati ambayo mpita njia haioni. Ni jengo la ushirika. Hakuna anayemiliki ukuta. Tunamiliki hisa, na hisa ndizo zinazokupa fleti. Anayetaka kununua hupatana na muuzaji, kisha huleta makaratasi yake, barua za watu wanaomfahamu, na mwisho huja kukaa mbele ya bodi ya watu watano ili ahojiwe. Bodi ikimkataa, hailazimiki kusema kwa nini. Nimeona mwanasheria wa miaka arobaini akitoka kwenye mahojiano hayo na shati limelowa mgongoni.

Lakini katika miaka yangu kumi na tisa ya kuandika kumbukumbu za bodi, sikuwahi kuandika kwamba msimamizi wa jengo ameomba kuwa mwanahisa.

Ndue na mkewe Drane walikaa chini ya ardhi, katika vyumba viwili vilivyo kati ya boila na chumba cha kufulia. Vyumba hivyo vinakwenda na kazi. Siku kazi inapokwisha, msimamizi ana siku thelathini za kuondoka, na Ndue alikuwa ameandika barua ya kustaafu kuanzia mwisho wa Agosti. Binti yao aliyeko Michigan alikuwa ameshawaandalia chumba, amenunua hadi kitanda. Drane alikwishasema kwamba hatazeeka akiwa mgeni katika jiko la mtoto wake. Kwa hiyo ilikuwa ama 5D, ama Michigan. Fleti nyingine yoyote mtaani isingefaa, alisema Ndue, kwa sababu nyingine zote zilikuwa zimetengenezwa na watu wavivu.

Ndue alizaliwa milimani kaskazini mwa Albania, katika kijiji ambacho, kwa maneno yake, mbuzi waliijua njia kuliko serikali. Alifika New York mwaka 1992 akiwa na miaka thelathini na minne. Miaka minne aliosha vyombo katika mkahawa wa Waitaliano huko Bronx, na siku za mapumziko alimfuata binamu yake aliyekuwa msimamizi wa majengo mawili. Waalbania wa Bronx hurithishana maboila kama watu wengine wanavyorithishana mashamba. Binamu alimfundisha kusikiliza mvuke. Alimfunga macho kwa kitambaa, akamsimamisha kwenye korido, akamwuliza ni fleti ya ngapi inayolalamika.

Novemba 1996 jengo letu lilikuwa linatafuta msimamizi. Wengine walikuja na makaratasi, Ndue akaja na sanduku la vifaa. Boila ilikuwa imelala siku ya pili na watu walikuwa wakizunguka na makoti ndani ya nyumba zao. Akasema, "Kabla hamjaniuliza chochote, nionyesheni huyo mgonjwa." Akashuka. Baada ya saa mbili na dakika kumi mvuke ulianza kupanda, na hakuna aliyekumbuka tena kumwuliza maswali. Kwa hiyo kazi aliipata bila kuhojiwa.

Tangu hapo alijulikana kwa mambo madogo. Alipanguza vitasa vya shaba kila Ijumaa. Hakuwahi kuingia katika nyumba ya mtu na viatu, hata bomba likiwa limepasuka. Umeme ulipokatika mji mzima mwaka 2003, alimbeba Bi Adele Kessler wa 5D kwa kiti cha jikoni, yeye na vijana wawili, hadi ghorofa ya tano, na njia nzima yule bibi alikuwa akimwambia, "Ndue, angalia ukuta. Ndue, umeugonga ukuta."

Bi Kessler alifundisha piano, na aliishi 5D miaka hamsini na mmoja. Hakukubali kitu chochote kiondolewe. Alikubali tu kipakwe rangi juu. Alipofariki, mpwa wake wa Ohio alirithi hisa. Akaja mara moja, akatazama, akasema, "Pakeni nyeupe kote, tuuze."

Ndue akamwambia, "Bwana, ukipaka nyeupe utauza ukuta. Nipe hadi mwanzo wa kiangazi nikuuzie nyumba."

Mpwa alikubali, kwa sababu Ndue aliomba theluthi moja ya bei ya makandarasi. Bodi nayo iliidhinisha, nimeandika tarehe. Basi Ndue akaanza.

Nilipanda mara nyingi kutazama. Kwenye miimo ya milango alikwaruza matabaka saba ya rangi, kila tabaka la enzi yake: nyeupe, malai, kijani cha hospitali, kahawia, malai tena. Chini ya yote kulikuwa na mbao ya rangi ya asali. Chini ya zulia la plastiki la jikoni na la ukumbi alikuta sakafu ya mwaloni, vipande vyembamba vilivyopangwa kama miiba ya samaki. Vilivyooza alivitoa kimoja kimoja, akapachika vingine alivyovikata mwenyewe, na leo ukinipa tochi siwezi kukuonyesha vilipo. Nakshi ya plasta inayozunguka dari ilikuwa imevunjika urefu wa mita mbili pale maji yalipovuja mwaka 1978. Alikata bati kwa umbo la ile iliyobaki, akalikokota juu ya plasta mbichi kama wafanyavyo mafundi wa zamani. Akaharibu mara mbili, ya tatu ikakubali.

Halafu vitasa. Majengo ya kabla ya vita yalikuwa na vitasa vya kioo, vyenye pande kumi na mbili, na kwa miaka ishirini na minane watu wa Ashgrove walikuwa wakivitupa na kuweka vya chuma. Ndue alikuwa akiviokota kwenye takataka na kuvihifadhi katika kopo la kahawa. Kwa 5D alihitaji tisa. Alikuwa navyo thelathini na moja, akachagua.

Siku dalali alipoleta watu wa kwanza, Ndue alikuwa amepiga goti kwenye mlango wa chumba cha kulala akikaza kitasa cha mwisho. Dalali alikuwa Bi Corinne Battaglia, mwanamke mchangamfu anayeuza nusu ya mtaa wetu. Aliwapitisha wateja wake, mume na mke vijana, akawaonyesha tao la ukumbini, dari, bustani.

"Tungeondoa huu ukuta wa jikoni," akasema yule mume.

"Na hizi mbao tungepaka nyeupe," akasema mke.

Ndue aliacha kukaza. Walipotoka akasimama, akajifuta magoti.

"Bi Corinne, naitaka."

"Unataka nini, Ndue? Ile ngazi? Chukua, si yangu."

"Nyumba."

Corinne akacheka. Kisha akamtazama, akaacha kucheka, akakaa juu ya ndoo ya rangi na sketi yake nzuri. "Unajua bei?"

"Najua bei. Miaka ishirini na minane sijalipa pango, sivuti sigara, na mke wangu anajua kusema hapana."

"Na bodi?"

"Bodi nawajua."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," akasema Corinne. "Na wao wanakujua."

Mpwa wa Ohio hakujali anamuuzia nani. Ndue akaleta makaratasi yake kwangu tarehe 2 Julai, yamepangwa vizuri kuliko ya yule mwanasheria. Barua za kumthibitisha zilikuwa tatu: ya padri wake, ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ya daktari wa meno aliyeko jengo la jirani. Hakuna hata moja ya mtu wa Ashgrove.

"Ndue," nikamwambia, "ungeomba watu humu ndani ungepata barua sabini."

"Ndiyo sababu sikuomba."

"Sikuelewi."

"Mtu akiniandikia, atakuwa ananilipa kwa ile siku niliyomzibulia choo. Mimi sikuzibua ili niandikiwe barua."

Bodi ilikutana kwanza bila yeye. Mwenyekiti wetu ni Bi Lenore Sachs wa 3A, mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka sabini na tisa, ambaye bado huwanyamazisha watu wazima kwa kuinua kidole. Mhazini ni Bwana Wendell Hatch wa 4F, aliyewahi kuwa fundi mkuu wa treni za chini ya ardhi. Wawili wengine, wa 6A na 1F, si wasemaji. Nilitegemea dakika tano, tukachukua saa nzima.

"Sina neno na Ndue," akasema Hatch. "Mtu asije akaniandikia kwamba nina neno na Ndue. Katibu, umeandika hivyo?"

"Nimeandika."

"Neno langu ni hili. Tumemwajiri Wilmer Quizhpi aanze Septemba. Kijana hodari, ana vyeti. Sasa bomba likilia, Wilmer yuko chini, Ndue yuko juu. Watu wataenda wapi? Watapanda. Hata mimi nitapanda. Wilmer atakuwa msimamizi wa jina, na kila akikaza skrubu atasikia pumzi ya mzee shingoni. Nimeona hayo kwenye karakana. Ukimweka fundi mstaafu kwenye benchi pembeni, fundi mpya anaondoka baada ya miezi sita."

Ilikuwa kweli, na sote tulijua.

"Kwa hiyo unasema tumkatae?" akauliza Bi Sachs.

"Nasema aje ahojiwe kama mtu mwingine yeyote, na swali hilo nitamwuliza mimi."

Alhamisi, tarehe 18 Julai, saa moja jioni, katika chumba cha kulia cha Bi Sachs. Ndue alivaa suti aliyoshonewa kwa ajili ya arusi ya bintiye. Drane alivaa gauni la bluu, na mkoba ameushika mbele kwa mikono miwili. Walipanda kwa lifti ya mbele. Najua kwa sababu nilikuwa ndani yake. Kwa miaka yote nilimwona Ndue akitumia lifti ya mizigo.

"Karibuni, kaeni," akasema Bi Sachs. "Ndue, hicho usikalie, kimelegea mguu."

"Najua. Nilikuambia Machi ukilete chini."

"Nilisahau."

"Ulisema nisikusumbue, una wageni."

"Ndue, leo sisi ndio tunaouliza," akasema Bi Sachs, lakini alikuwa akitabasamu.

Aliulizwa yale ya kawaida. Je, ana mbwa? Hana. Atapangisha? Hatapangisha. Anapiga chombo chochote cha muziki? Drane akasema, "Anakoroma," na yule wa 6A, ambaye huwa hasemi, akacheka hadi akaomba maji.

Kisha Bi Sachs akamgeukia Drane. "Na wewe, Bi Drane? Kwa nini 5D?"

Drane aliweka mkoba sakafuni. "Mimi nimekaa chini ya barabara miaka ishirini na minane. Dirisha langu liko usawa wa lami. Sijalalamika, kulikuwa na joto, watoto wamesoma. Lakini nawajua watu wa jengo hili kwa viatu tu. Naona viatu vinakwenda kazini, viatu vinarudi. Bwana Hatch, kisigino chako cha kushoto kimeisha tangu Pasaka. Ningependa sasa nimwone mtu kuanzia juu."

Hatch alivuta miguu yake chini ya kiti. Halafu akakohoa na kuuliza swali lake, kwa heshima, bila kuzunguka, kama alivyokuwa amelisema kwetu.

Ndue alisikiliza mpaka mwisho. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu juu ya kola.

"Unadhani nitamwingilia kijana?"

"Nadhani utasikia boila inakohoa na utashuka na pajama."

"Ikikohoa nitaisikia. Siwezi kukudanganya kwamba sitaisikia."

"Na utashuka?"

Ndue alitazama mikono yake juu ya meza, na sisi sote tukaitazama. Kidole gumba cha kulia hakina ukucha. Ulichukuliwa na mlango wa tanuri mwaka 2009. Nilisimamisha kalamu. Sijui ni muda gani ulipita. Ni mahali pekee katika kumbukumbu za usiku ule ambapo sikuandika dakika.

Hatch akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameiandaa. Ilisema kwamba mnunuzi wa 5D, kwa muda wote atakaokuwa mwanahisa, hatagusa boila, wala bomba, wala lifti, wala nyumba ya mtu mwingine; hatampa msimamizi maagizo; na hata ndani ya 5D, kila kilicho mali ya jengo, yaani mabomba ya ukutani na rejeta za mvuke zinazopasha vyumba joto, atakiacha na kumpigia msimamizi simu kama wanahisa wengine.

Ndue aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili. Drane alisoma begani kwake.

"Ataweza," akasema Drane.

"Nimeulizwa mimi," akasema Ndue.

"Basi jibu, mume wangu. Michigan kuna theluji nyingi, na pale huna hata boila ya kutazama kwa mbali."

Ndue akainua kichwa. "Bwana Hatch, karatasi hii inanifunga mimi. Na nyinyi je? Mtu wa 4C akinigongea mlango saa kumi na mbili asubuhi, 'Ndue, sinki,' mimi nimfanye nini? Nimfukuze? Jirani yangu? Kwetu mtu hafukuzwi mlangoni. Ongeza mstari mmoja. Andika kwamba hakuna mtu wa jengo hili, hata wa bodi, atakayegonga 5D kwa ajili ya kazi. Akija kwa kahawa, karibu. Akija na bomba, amekosea ghorofa. Mkiweka huo, natia sahihi."

Hatch aliivuta karatasi upande wake. "Ni haki," akasema. Akachukua kalamu yangu, akaongeza mstari, akasaini yeye kwanza.

Wakatoka ili tupige kura. Ilikuwa tano kwa sifuri. Bi Sachs aliwaita warudi, akasimama, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mnunuzi yeyote, akanyoosha mkono: "Karibu Ashgrove, Bwana Vukaj."

Ndue aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili. "Ahsante, Bi Mwenyekiti," akasema. Kisha akakipindua kile kiti kilicholegea, akautazama mguu. "Nipo kazini mpaka Agosti thelathini na moja. Hiki nashuka nacho."

Alikabidhi funguo tarehe aliyosema. Wilmer, Mwekwado wa miaka thelathini na mitatu kutoka mtaa jirani wa Corona, alidhani itachukua dakika tano. Ilichukua saa moja na nusu, kwa sababu kila ufunguo ulikuwa na maelezo. "4B sukuma kwanza halafu zungusha. 6E usipige kengele, mtoto analala. 1A ana paka anayejifanya amekufa." Funguo sabini na moja zilikwenda kwa Wilmer. Mmoja Ndue aliuchomoa kwenye pete mbele ya macho yangu, akautia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo. Siku ya pili yake alimpelekea Wilmer nakala yake, kwa mujibu wa sheria za jengo.

Septemba walihamia juu. Drane aliweka kiti mbele ya dirisha la bustani, na wiki ya kwanza alikuwa akitushukia na habari: Bi Sachs ana upara mdogo utosini, wa 6A anaongea na mimea.

Wa kwanza kuvunja mstari ule alikuwa Hatch. Ilikuwa Jumapili, maji yanatiririka chini ya sinki yake, naye akajikuta amesimama mbele ya 5D na taulo mkononi. Ndue alifungua, amevaa ndara na fulana ya kupumzikia.

"Bwana Hatch! Karibu kahawa."

"Ndue, sinki yangu..."

"Kahawa ya Kituruki au ya Kimarekani?"

Hatch mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisema alisimama pale kama mwanafunzi, kisha akasema, "Ya Kituruki," akatoa simu, akampigia Wilmer akiwa ndani ya ukumbi wa Ndue. Wilmer alimaliza kazi kabla kikombe cha pili hakijaisha. Hatch aliporudi kwake aliikagua kwa tochi na hakuona la kusema.

Jumatano, tarehe 16 Oktoba, ndiyo asubuhi ya kwanza ya mvuke. Saa moja na nusu nilipanda 5D na fomu ya mkutano mkuu ili Ndue asaini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura kama mwanahisa, na alikuwa ameomba apewe fomu mapema. Drane alikuwa ametandika meza: mkate, jibini nyeupe, zeituni. Jua lilikuwa limefika kwenye sakafu ya miiba ya samaki. Ndue alikuwa ameshika kalamu.

Rejeta ya ukumbini ikapiga: pa! Kimya. Pa! Pa! Kama mtu amefungiwa ndani yake na nyundo.

Ndue aliweka kalamu chini. Sote watatu tukaitazama. Yeyote aliyekaa katika majengo haya anaijua sauti ile: maji yamekwama ndani ya chuma badala ya kurudi bombani, na mvuke ukiyakuta unayarusha. Dawa yake ni kuinua upande wa mbali kwa kipande cha mbao, unene wa biskuti. Ndue angeweza kufanya kwa mkono mmoja, na mwingine ukiwa na mkate.

Alisimama. Drane akasema, "Ndue." Hakupandisha sauti.

Akachukua simu. "Halo. Hapa 5D."

Sauti ya Wilmer ilisikika hadi mezani. "Mzee Ndue! Kuna nini?"

"Rejeta inapiga kelele."

"Maji yamekaa upande wa mwisho, au ni valvu?"

"Mimi sijui. Mimi ni mwanahisa."

Wilmer akaja na pima maji, koleo na mfuko wa vipande vya mbao. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikaona Drane ameliona hilo. Akapiga goti, akaweka pima maji juu ya rejeta. Ndue alisimama nyuma yake mita mbili, mikono ameifunga mgongoni, kidole kisicho na ukucha kikisugua kifundo cha mkono mwingine.

"Imelala upande usio wake," akasema Wilmer. "Nani aliirudisha hivi?"

Mimi nilijua, na Drane alijua. Mwezi Mei, Ndue aliinua rejeta ile ili atengeneze sakafu chini yake, akairudisha akiwa anatazama mbao zake tu, na kwa kuwa mvuke ulikuwa umezimwa kwa msimu hakuweza kuijaribu. Mganga hajigangi.

"Fundi mmoja," akasema Ndue hatimaye. "Mzee."

"Alikuwa na haraka huyo."

"Alikuwa anaringa," akasema Drane, akaziba mdomo kwa kitambaa cha meza, mabega yakitetemeka.

Wilmer aligeuka, akamtazama Ndue, akaelewa, masikio yake yakapata moto. "Mzee, samahani, sikujua..."

"Samahani ya nini? Umeona kosa, umelisema. Endelea."

Wilmer akachagua kipande cha mbao, akakipima, akakirudisha mfukoni, akachukua kingine chembamba zaidi. Ndue alifungua mdomo kisha akaufunga. Yeye angetumia kile cha kwanza. Wilmer akainua, akasukuma, akaangalia pima maji, akangoja. Tulingoja naye. Mvuke ulipanda, chuma kikaanza kupata joto, tundu la hewa likatoa mluzi wake mwembamba, kisha likanyamaza. Hakikupiga tena.

Ndue alikwenda akaweka kiganja juu ya rejeta, mahali pote, kama mtu anayempima mtoto homa. Akainama, akatazama kile kipande chembamba chini ya mguu wa chuma, na sakafu yake isiyo na mkwaruzo.

"Kazi safi, Bwana Quizhpi," akasema. "Unakunywa kahawa?"

"Kuna 3D na 6B wananingoja, Mzee."

"Nenda basi. Wasikungoje."

Mlango ulipofungwa alirudi mezani, akasaini fomu yangu polepole, jina lote, na namba ya fleti chini yake. Aliirudisha kwangu lakini kidole hakukiondoa.

"Katibu, ulitazama saa? Alichukua muda gani kufika?"

"Dakika kumi na moja."

Akafikiri. "Si mbaya."

"Wewe ungefika kwa ngapi?" akauliza Drane, akimkatia mkate.

"Mimi?" Ndue akavuta kiti chake kwenye jua, akakaa. "Mimi siku hizi nangoja, kama wenye nyumba wengine."